Boti Ipandishwe Kwanza, Malipo Baadaye

Mkulima wa Mkumbi aliyelipwa fedha zake za kahawa, akaamua kununua boti iliyotumika huko Mbamba Bay au Liuli, tuna neno naye. Asitoe hata shilingi ya kishika nafasi mpaka boti ipandishwe nchi kavu na kukaguliwa na fundi asiyeletwa na muuzaji.

Siku hizi lami imefika hadi Ziwa Nyasa. Kushuka kutoka Mbinga, kutazama, kulipa na kurudi ni kazi ya siku moja, na haraka hiyo ndiyo inayotutia hofu. Mkulima wa Kimatengo akisimama kwenye ngolo, shamba lake la mashimo, anajua udongo upi umechoka. Lakini mbao iliyokaa majini miaka mingi yeye haijui hivyo, na boti inayoelea ikiwa na rangi mpya humpendeza kila mtu.

Fundi wa kweli rangi haimshughulishi. Huinama chini akachokonoa mkuku na mataruma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao imeoza. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ziwa halina chumvi, mbao ziko salama. Si kweli. Maji ya mvua yakituama ndani ya boti huyaozesha mataruma taratibu, huku nje pakionekana pazima. Ataangalia pia misumari iliyoliwa na kutu na kalafati iliyolegea. Kwenye injini atamwaga oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na injini iwashwe ikiwa ya baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni hili: boti ilikuwa ikifanya kazi gani, na wapi? Chukua mfano wa boti ya abiria MV Skagit: iliundwa Marekani mwaka 1989, ikavusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Iliuzwa mwaka 2011 ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, na ndugu zetu wengi hawakurudi. Vivyo hivyo, boti iliyozoea kuvua dagaa karibu na mwalo haiwi ya kubeba abiria na magunia hadi Lupingu kwa sababu tu imebadili mwenyewe. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi, na upepo wa kusini ukichafuka hauchagui boti ya nani.

Cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali la meli, kidaiwe, na usajili uwe na jina la huyo anayeuza. Lakini cheti ni cha siku ile ya ukaguzi. Mwamba uliogongwa wiki iliyofuata haumo.

Tunaiomba TASAC na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa zitenge siku za ukaguzi mialoni, hasa miezi ya malipo ya kahawa, na majina ya mafundi wanaoaminika yabandikwe katika ofisi za vijiji. Nawe mnunuzi, muuzaji akikataa boti isipandishwe, panda gari urudi Mkumbi na fedha zako.