Wasomi wa data wasiachwe njiani baada ya uzamifu

SERIKALI na vyuo vikuu vyetu vimekuwa mstari wa mbele kuwahimiza Wakenya kusomea shahada ya uzamifu, lakini havijawaeleza waelekee wapi baada ya kufuzu.

Mnamo 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilitoa vigezo vilivyowataka wahadhiri wawe na shahada hiyo. Hata hivyo, ngazi inayofuata, yaani miaka miwili au mitatu ya utafiti wenye malipo chini ya mtafiti mkomavu, haikujengwa.

Pengo hili linawaumiza hasa wataalamu wa ukokotoaji na data. Ujuzi wao huchakaa upesi usipotumika.

Si kwamba kazi haipo. Kule Kilifi, mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome umefuatilia tangu 2000 uzazi, vifo na uhamaji wa zaidi ya wakazi 250,000. Data kama hiyo inahitaji watu wa kuichanganua. Wasipopatikana hapa, itachanganuliwa ng'ambo.

Kwa sasa, anayetafuta nafasi hana budi kubisha milango ya wageni. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya huwapokea watafiti wa uraia wowote, ila ombi huandaliwa pamoja na taasisi itakayompokea mhusika. Kwa hivyo, anayesubiri tangazo gazetini atasubiri sana. Sharti amwandikie profesa mapema, akiambatanisha makala aliyochapisha na programu alizounda.

Lakini milango hiyo nayo yaweza kufungwa ghafla. Mnamo 2021, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zilitenga takriban dola milioni 75 kwa miaka mitano kuendeleza sayansi ya data ya afya barani Afrika. Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi kilikuwa miongoni mwa wanufaika. Mnamo Mei 2025, taasisi hizo hizo zilitangaza kusitisha ruzuku mpya zinazopitia vyuo vya Marekani kuwafikia washirika wa kigeni, hadi utaratibu mwingine uundwe.

Kinaya ni kwamba sheria ya kutuondolea utegemezi huu tunayo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti (NRF) na kuagiza itengewe asilimia 2 ya Pato la Taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Wabunge wanapojadili bajeti, waanze na hatua ndogo: nafasi maalum za miaka mitatu katika vyuo vya umma kwa wenye uzamifu, zikiandamana na kompyuta zenye uwezo wa kazi hiyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na taifa linalotegemea wengine kuisoma data yake litabaki kusimuliwa habari zake lenyewe.