Michezo ya Wasichana si Anasa

Kila mwezi wa Septemba unapofika, wanafunzi wa Unguja na Pemba hukutana viwanjani kushindana kwa michezo na sanaa, katika kuadhimisha tangazo la Elimu Bila Malipo lililotolewa tarehe 23 Septemba 1964. Ni adhimisho tunalolienzi, kwani tangazo lile lilimfungulia mtoto wa mkulima na wa mvuvi mlango wa skuli. Lakini sherehe zinapokwisha na mabendera yakashushwa, hapana budi tujiulize swali moja: yule mtoto wa kike aliyetoka mbio tukampigia makofi, kesho yake anakwenda kuchezea wapi?

Katika kulijibu swali hilo tumeona tuutoe mfano wetu mbali, Marekani, katika mchezo usiojulikana sana kwetu. Tunakusudia softboli, ndugu yake besiboli, iliyoanzia mjini Chicago mwaka 1887. Wachezaji ni tisa kila upande. Mrushaji huutupa mpira kwa mkono wa chini kutoka umbali wa kiasi cha mita 13, na mpigaji huupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Mpira ukivuka uzio wa uwanja, mpigaji huvizunguka vituo vyote kwa raha yake, wala hapana wa kumzuia. Pigo hilo ndilo linalotukuzwa kuliko yote.

Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mchezaji mmoja aliyefunikwa uso kwa kinyago cha chuma, na kifua na miguu kwa ngao. Huyo ndiye mdakaji. Kila mpira usiopigwa ni wake kuudaka. Yeye ndiye anayemwashiria mrushaji mpira wa kutupa, na ni yeye peke yake anayeuona uwanja wote mbele yake. Kazi yake ni ya magoti na mgongo, ya vumbi na michubuko. Mdakaji akidaka vizuri tu, timu yake hushukuru. Kupiga kwake huhesabiwa kuwa ni ziada.

Stacey Nuveman, aliyezaliwa katika jimbo la California mwaka 1978, alikuwa mdakaji wa namna hiyo. Alisoma sekondari katika skuli ya wasichana ya St. Lucy's, mjini Glendora, na mwaka 1997 akaingia katika timu ya Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles. Alikichezea chuo hicho kwa misimu minne, hadi mwaka 2002, na katikati yake aliuacha msimu wa mwaka 2000 ili kuitumikia timu ya taifa. Mwaka 1999 chuo chake kilitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Alipomaliza masomo, mapigo yake ya kuvuka uzio yalikuwa yametimia 90, idadi ambayo hapana msichana wa chuo chochote cha Marekani aliyekuwa ameifikia. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.466, na hali anayefika 0.300 huhesabiwa kuwa ni mpigaji mzuri. Wapinzani walimwogopa hata mara nyingi wakaona ni nafuu kumpa kituo cha kwanza bure kuliko kumpa mpira wa kupiga.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Marekani ilifungwa mara tatu mfululizo, na watu wakaanza kuikatia tamaa. Timu ile ikasimama tena. Katika nusu fainali dhidi ya China, mchezo ulikwenda mpaka zamu ya kumi bila ya mshindi, badala ya saba za kawaida. Ndipo mdakaji huyu alipoupeleka mpira nje ya uzio, na pigo moja likaleta pointi tatu. Marekani ikaishinda Japani katika fainali na kutwaa nishani ya dhahabu. Nuveman aliipata dhahabu nyengine Athens mwaka 2004, na fedha Beijing mwaka 2008.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana, kwa sababu msichana yule hakuchipua kama uyoga baada ya mvua. Kulikuwa na walioulima udongo kabla yake.

Mwaka 1972, miaka sita kabla ya kuzaliwa kwake, Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa jinsia katika skuli na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Katika mwaka wa masomo ulioishia 1972, wasichana waliokuwa wakicheza katika timu za skuli za sekondari za nchi ile hawakufika 300,000. Miaka thelathini baadaye walikuwa wamezidi 2,500,000. Damu ya wasichana haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni sheria, na pamoja na sheria bajeti, viwanja na walimu. Mashindano ya kitaifa ya softboli ya wasichana chini ya chama kikuu cha michezo ya vyuo yalianza mwaka 1982, na chuo alichokuja kusoma Nuveman ndicho kilichokuwa bingwa wa kwanza. Kocha aliyemkuta hapo, Sue Enquist, naye alikuwa mchezaji wa chuo hichohicho katika miaka ya sabini. Aliyefunzwa jana ndiye aliyefunza leo.

Hatusemi kwamba kila la Marekani ni la kuigwa. Wala hatudai kwamba skuli zetu zinunue marungu na vinyago vya chuma. Sisi tuna mpira wa pete, tuna mpira wa mikono, riadha, na nage, ambayo mama zetu waliicheza uwanjani kwa mpira wa matambara. Tunachosema ni kwamba udongo uupate ungali maji, na wa kuupata ni sisi watu wazima.

Hapa ndipo penye kasoro zetu, na hatuna budi kuzisema. Ziko skuli ambazo uwanja wake umemegwa kidogo kidogo, leo msingi wa nyumba, kesho kibanda cha biashara, mpaka watoto wamebakiwa na ukumbi wa darasa. Ziko skuli zenye uwanja, lakini jioni uwanja huo ni wa wavulana, na wasichana husimama pembeni kutazama. Kipindi cha michezo kimo katika ratiba, lakini mtihani ukikaribia ndicho cha kwanza kufutwa. Na ukiuliza, utaambiwa kwamba fungu halikutosha, kana kwamba fungu la mtoto wa kike ni lile linalobakia baada ya mafungu mengine yote kwisha.

Wako pia wazazi wenye wasiwasi, na wasiwasi wao si wa kubezwa. Wanauliza juu ya stara ya binti zao. Sisi tuliosomea chuoni kabla ya kukalia dawati la skuli tunaielewa hoja hiyo, na jawabu yake haiko mbali. Walimu wetu walitufunza kwamba mwili ni amana, na amana hutunzwa. Basi na wacheze kwa mavazi yanayowasitiri, mbele ya walimu wa kike, katika uwanja uliozungushiwa uzio na kwa saa zinazofaa. Stara huhifadhiwa kwa mipango mizuri. Kumfungia mtoto ndani mpaka viungo vyake vikanyong'onyea si kumsitiri.

Tena kisiwa si kizuizi. Rekodi ya Nuveman ilipitwa mwaka 2015 na Lauren Chamberlain wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, aliyefikisha mapigo 95. Aliyempita Chamberlain ni msichana wa kisiwani: Jocelyn Alo, mzaliwa wa Hauula katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ambaye naye alikuwa akiichezea Oklahoma. Tarehe 11 Machi 2022 timu yake ilikwenda Honolulu kucheza na chuo cha huko kwao, na hapo ndipo alipolipiga pigo lake la 96, watu wa visiwa wakimshangilia ingawa alivaa jezi ya wageni. Alimaliza na mapigo 122. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini tusisahau kwamba kabla ya kuvuka bahari kwenda kusoma, msichana huyo alikuwa ameshaanza kucheza kisiwani kwao.

Kwa hivyo tunatoa mwito kwa wanaohusika. Wizara na mabaraza ya miji na wilaya yahakikishe kwamba kila uwanja wa skuli umepimwa, una hati, na haumegwi tena. Wakuu wa skuli watenge siku maalumu za wasichana uwanjani, na siku hizo ziheshimiwe hata mitihani ikikaribia. Vyuo vya ualimu viwaandae walimu wa kike wa michezo. Masheha na viongozi wa Chama katika matawi wawe wa kwanza kuulinda uwanja wa skuli yao, wala wasiwe wa kwanza kuomba kipande chake.

Mdakaji huchuchumaa nyuma, haonekani uso, na mchezo wote unamtegemea. Mtoto wa kike wa visiwa hivi anaijua kazi hiyo, kwani huamka alfajiri kuteka maji, huenda skuli, hurudi kumsaidia mama jikoni. Hatumwombei huruma. Tunaomba apewe uwanja, na zamu yake ya kupiga.