Luninga haijaua maongezi ya nyumbani

Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana. Leo nina la moyoni.

Juzi kwenye semina kundi moja lilipanda mbele kuwasilisha kazi kuhusu familia. Hoja yao: luninga imeua maongezi. Zamani watu walikaa wakasimuliana hadithi, ikaja TV, wote wakageukia ukutani wakanyamaza. Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Muda ukaisha kabla sijapewa nafasi, kwa hiyo namalizia hapa kwangu. Hoja hiyo imetolewa kwenye vitabu vya Wamarekani, vya nyumba ambayo baba, mama na watoto wawili wana sebule yao, umeme wao na TV yao. Ujiji nyumba hiyo iko wapi?

Twende na historia kidogo. Mskoti John Logie Baird alionyesha luninga yake London Januari 1926. (Waskoti sisi Ujiji tunawajua, Livingstone alikutwa na Stanley kwetu mwaka 1871.) Kenya wakaanza matangazo 1962, Uganda 1963, Zanzibar wakapata yao miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi. Bara? Hakuna kitu mpaka 1994, vituo binafsi kama ITV na DTV viliporuka hewani Dar. Serikali ya Mwalimu iliona ni anasa ya wachache wa mjini, itazidisha pengo kati yao na mkulima. Mwaka 1980 Taifa Stars wakaenda Nigeria kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na nchi hii ikaishia kutega sikio redioni. Kituo cha serikali, TVT, ndiyo TBC1 ya leo, kilikuja baadaye kabisa.

Sasa kama TV ndiyo muuaji, Wakenya wangekuwa mabubu miaka thelathini kabla yetu. Mmewahi kukaa na Mkenya nyie?

Turudi Ujiji. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli miaka nenda rudi, gridi ya taifa imeanza kuingia mkoani mwaka 2022. Mtaani kwetu TV zilikuwa za kuhesabu, tena chogo, na umeme ukikatika mwenye nayo anaunganisha betri ya gari. Ikionyesha chenga, mtoto mmoja anapanda kuzungusha antena, mtaa mzima unampigia kelele, "hapo hapo! umepitiliza!" Jirani aliyekuwa nayo aliigeuza dirishani, sisi tukakaa uani kwenye mkeka. Anayekuja na karanga anakaa mbele. Hiyo ni familia inayonyamaza?

Hata banda la video lilikuwa na maneno. Filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuja na sauti ya Lufufu juu yake, anatafsiri, anatania, anamtetea stelingi. Watu walilipa kiingilio kumsikia mtu akiongea!

Ila kitu ambacho wenzangu wa semina hawakukigusa kabisa ni kwa nini familia inaangalia. Mimi nasema inaangalia ili ipate pa kusemea. Usiku wa mchezo wa Kaole pale ITV, au Isidingo ya Wasauzi, bibi yangu na mkwewe walikuwa mkeka mmoja. Hao wawili kwa heshima ya nyumba hawawezi kuambiana neno kali. Lakini akitokea mama mkwe mchokozi kwenye mchezo, mama anasema kwa sauti, "huyu mama naye, amwache mwenzie apumue." Bibi anajibu huku macho yako kwenye kioo, "na huyo binti naye, maji tu ya kuoga mpaka aombwe." Kimya kidogo. Kesho asubuhi maji ya bibi yapo mlangoni, ya moto. Hakuna kikao cha ukoo kilichoitishwa. Hiyo kazi nani mwingine angeifanya? Shangazi angeifanya, ila shangazi akisuluhisha jambo mtaa mzima unajua.

Nikirudi likizo siku hizi TV ipo, bapa kabisa, na umeme afadhali. Mkeka haupo. Dogo anaangalia tamthilia kwa simu chumbani, dada anaangalia tamthilia ile ile kwa simu jikoni, kila mtu na bando lake na waya masikioni. Picha ni zile zile jamani! Kilichobadilika ni kwamba kila mtu kapata kioo chake.

Na anayebaki na TV ni bibi, ambaye simu yake ni ya tochi. Yeye ndiye anayeumia tukichezea king'amuzi. Dar walizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata kwa awamu, na kila nyumba ikabidi itafute king'amuzi. Halafu mwaka 2018 TCRA ikaamuru ving'amuzi vya kulipia kama Azam na DStv viondoe chaneli za bure za ndani, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Kisheria sawa. Lakini mawimbi ya minara ya luninga hayapindi mlima, mwenye nyumba nyuma ya kilima anategemea ungo, na ungo wake ndio huo uliofungiwa. Chaneli zilirudi baadaye, ila funzo hatukulichukua. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ya Kiswahili, inatakiwa imfikie bibi hata kama kifurushi kimekwisha, kwa king'amuzi chochote alichonunuliwa. Wasomi wa mawasiliano mngeandika tasnifu juu ya hilo, badala ya kulilia hadithi za motoni ambazo wengi wenu hamjui hata moja.

Mwenye ubishi tukutane kantini saa saba, mi nakaa ile meza ya chini ya TV. Imezimwa sauti tangu muhula uanze na hakuna anayejua rimoti iko wapi.