Kengeja Si Tanbihi ya Mreno

Kengeja, kijiji cha Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, hutajwa maandishini kwa jambo moja: mchezo wa ng'ombe. Na mchezo huo ukitajwa, hutajwa Mreno, kana kwamba historia ya kijiji ni masalio ya mgeni aliyeng'olewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Naipinga hoja hii, na lawama ya kwanza naielekeza kwetu sisi wanazuoni.

Hata kama asili ya mchezo ni Ureno, waliouhifadhi kwa karne tatu ni Wapemba. Kwa nini waliutunza? Nani alifuga, nani alitunga nyimbo? Hayo hatukuyauliza.

Waingereza wameyauliza ya kwao. Tangu mwaka 1899 mradi wao wa Victoria County History unaandika habari za kila parokia: nani alimiliki ardhi, nani aliilima. Wanafunzi wetu hueleza ukabaila wa Ulaya bila ya kigugumizi, lakini hawajui babu zao walipataje mikarafuu.

Hili si suala la fahari tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika zao hilo. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Kila tukio lilimwacha aliyepata na aliyekosa. Ushahidi wake umo vifuani mwa wazee, na kila jeneza huondoka na sehemu yake. Siku mpaka wa shamba utakapobishaniwa, mwenye karatasi atamshinda mwenye kumbukumbu.

Nitaambiwa hakuna fedha. Kinasa sauti kimo mfukoni mwa kila mwanafunzi mwenye simu. Kinachokosekana ni amri na haya. Kila anayesomea shahada ya historia Zanzibar aandike habari za kijiji kimoja; masheha wamfungulie milango; nakala moja iende kwenye hifadhi ya nyaraka Kilimani, nyengine ibaki skuli ya kijiji hichohicho.

Tusipofanya hivyo, tusimlaumu Mreno kwa kutuandikia historia. Yeye aliondoka zamani. Kalamu tunayo sisi.