Vigae si kifusi

Bukavu yote inachimbwa. Panzi, Kadutu, Bagira, hadi njia ya Kabare, watu wanakata miteremko wapate parsela, wengine wanatoa udongo wa matofali ya kuchoma. Beleshi likitoa kigae chenye mistari iliyochorwa, fundi anakitupa pamoja na kifusi na kazi inaendelea.

Kigae hicho chaweza kuwa na umri wa miaka elfu mbili. Katika miaka ya 1950 Jean Hiernaux na Emma Maquet walichunguza Tshamfu na Bishange, huku kwetu Kivu, wakapata nyungu za aina ya Urewe, iliyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Walizifinyanga wakulima na wafua chuma wa Maziwa Makuu, kuanzia takriban miaka 500 kabla ya Kristo. Kuzitambua si kazi ngumu. Mdomoni kuna mifuo inayokwenda sambamba, begani mistari iliyokatizana kama wavu, na kwenye kitako mara nyingi utakuta kishimo ambacho mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole udongo ungali mbichi. Enzi hizo mafundi wa Athene walikuwa wanachora mashujaa wao kwenye mitungi. Vipande vya mitungi hiyo leo vimewekwa nyuma ya vioo Paris na London. Vya kwetu vinafukia mashimo ya barabara.

Februari 2022 Ubelgiji uliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko katika makumbusho yao ya Tervuren. Vinyago na sanamu zetu tuzidai, ni haki yetu. Lakini vinavyotoka chini ya nyumba zetu wenyewe nani anaviandika? Hapo hakuna Mbelgiji wa kumlaumu.

Sheria ya kulinda mali ya utamaduni ipo tangu 1971. Haijamfikia mtu wa beleshi, na kosa si lake. Anachohitaji kujua ni kidogo tu: kigae kikishatiwa mfukoni kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Mtaalamu anauliza kilikuwa kina gani, kando ya nini. Mkaa uliolala pembeni yake ndio unaopimwa ili umri ujulikane. Yakionekana mavi ya chuma, huenda palikuwa na tanuru. Basi usikioshe, usikiuze, na ulipige picha shimo kabla ya kuendelea.

Tunajua mji huu umepitia nini tangu ulipotekwa na M23 Februari 2025, kwa hiyo hatuombi jumba la makumbusho. Tunaomba kituo cha utafiti cha Lwiro, kilomita arobaini na ushei kutoka hapa, kikae na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, watangaze namba moja ya simu ambayo fundi ataipiga angali shimoni, na wamweke mtu wa kuipokea.