Daftari la Mahudhurio Lashinda Kompyuta

Mwenye duka anayekopesha mtaani hahitaji mtaalamu wa kumtajia mteja atakayemkimbia. Anafungua daftari: aliyekuwa akilipa kila Jumamosi amepitisha wiki mbili, na siku hizi anapita upande wa pili wa barabara. Shule za sekondari nchini Marekani zimeligundua jambo hilo hilo kwa wanafunzi watakaoacha masomo, na utabiri huo sasa umekuwa bidhaa yenye wauzaji na wanunuzi.

Kipimo kilichojulikana zaidi ni rahisi mno. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walitazama mambo mawili tu mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa sekondari: je, mwanafunzi amefaulu masomo ya kutosha kupanda darasa, na je, katika mwaka huo ameanguka katika zaidi ya somo moja la msingi la muhula? Waliokuwa "njiani" walihitimu kwa asilimia 81 katika miaka minne. Waliotoka njiani, asilimia 22. Alama walizokuja nazo kutoka shule ya msingi hazikutabiri vizuri kiasi hicho.

Mali ghafi yake ni kitabu cha maksi na daftari la mahudhurio, vitu ambavyo kila shule tayari inavyo. Walimu wa Chicago walianza kupewa majina mapema wakati mtoto bado anaweza kuvutwa, na waliokuwa njiani wakapanda kutoka asilimia 57 mwaka 2007 hadi 82 mwaka 2013.

Jimbo la Wisconsin lilikwenda mbali zaidi. Programu yake ya kompyuta ilichanganya mitihani, utoro, adhabu, kipato cha nyumbani na hata rangi ya mtoto, kisha ikamtia alama. Uchunguzi wa chombo cha habari cha The Markup wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa programu hiyo ilipotabiri kuwa mtoto hatahitimu kwa wakati, ilikosea karibu robo tatu ya mara, na watoto weusi na wenye asili ya Kilatini ndio waliosingiziwa zaidi. Watafiti wa Berkeley nao, baada ya kupitia takwimu za takriban miaka kumi, hawakuona kwamba alama hizo zimeongeza wahitimu.

Mkopeshaji akikosea hivyo, anapoteza mteja mmoja mzuri. Shule ikikosea, mwalimu anaanza mwaka akimtazama mtoto wa miaka kumi na miwili kama deni bovu, naye mtoto hajui kwa nini.

Anayeletewa programu ya namna hii, awe mwenye shule binafsi au mwenye hisa katika kampuni inayoitengeneza, aulize kwanza bei ya mtu wa pili: yule atakayekwenda nyumbani kwa mtoto asubuhi ya siku ya tatu ya utoro. Mara nyingi hayumo kwenye ankara.