Kambi zilivunjwa, lakini orodha za majina zingali ndani ya simu

Mwezi wa pili 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, kambi za Bulengo na Lushagala zilibomolewa. Familia zilifunga mizigo, zikarudi Sake, Masisi na Rutshuru, zingine zikaingia kwa ndugu mjini. Maturubai yaliondoka. Orodha za majina hazikuondoka.

Orodha hizo zilitengenezwa kwa nia njema. Ili familia ipate unga na mafuta, ilipaswa kutoa jina, nambari ya simu, hesabu ya watoto na kijiji ilikotoka. Mara nyingi karatasi ilipigwa picha na kutumwa katika kikundi cha WhatsApp ili wote waione. Leo hakuna anayejua picha hiyo imefika katika simu ngapi. Kwa mtu anayewinda familia fulani, karatasi moja inatosha.

Wengi katika mashirika ya raia hujibu kwamba WhatsApp hufunga ujumbe, hakuna wa kuusoma. Huo ni ukweli nusu. Ujumbe unafungwa ukiwa njiani. Ukishafika, uko wazi mbele ya yeyote anayeshika simu. Pale kwenye bariyeri, mwenye bunduki hahitaji fundi wa kompyuta. Anasema tu: leta simu, fungua. Akikaa nayo dakika mbili, anaweza kuiunganisha na mashine yake, kisha anaendelea kusoma mazungumzo akiwa mbali. Mwenye simu amerudishiwa, anashukuru Mungu, anadhani mambo yameisha.

Wako wanaosema dawa ni kuacha simu. Hapana. Simu hiyo ndiyo inayoonya kijiji kwamba barabara si salama, na ndiyo inayomtafuta mtoto aliyepotea wakati wa kukimbia.

Mzigo huu si wa mama mkimbizi, ambaye hakuomba jina lake lizunguke. Ni wa anayeliandika. Orodha ishikwe na mtu mmoja au wawili, isipitie kikundi. Kijiji cha asili kisiandikwe kama hakihitajiki. Msaada ukishagawiwa, picha ifutwe, na kila aliye katika kikundi aombwe kuifuta kwake pia. Simu iliyopita mikononi mwa mtu mwingine ikaguliwe katika WhatsApp, mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa; kisichojulikana kiondolewe. Tarakimu sita za kufungulia WhatsApp asipewe mtu, hata anayejiita mfanyakazi wa msaada.

Nazo familia zina haki ya kuuliza kabla ya kutoa jina: litakaa wapi, litaonwa na nani, litafutwa lini? Shirika linaloshindwa kujibu maswali hayo matatu bado haliko tayari kuandika majina ya watu.